Kabla Hujagusa Mtaro: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Parseli Kando ya Barabara, Lulimba

Lulimba, katika teritori ya Fizi, mashariki mwa Kongo, huishi kwa barabara. Barabara ya RN5 inatoka Uvira, inapita Baraka na Fizi, inatufikia sisi, kisha inaendelea Kalemie na kusini zaidi, ndani ya iliyokuwa Katanga. Hapa kwetu ndipo pia inapochepuka njia ya Salamabila, upande wa Maniema. Chumvi, sabuni, saruji, dagaa wa ziwani, mafuta ya mawese, wanunuzi wa dhahabu wa Misisi, vyote hupita mbele ya nyumba za watu. Ndiyo maana kila mtu anataka parseli yake iguse barabara, na kila aliyeigusa anataka mlango wa kuingizia gari au pikipiki. Kutaka hivyo si kosa. Barabara inakufa kwa namna tunavyojifungulia hiyo milango.

Nayaandika haya kwa ukali kwa sababu maneno ya upole yamesemwa sana, kwenye mikutano ya shefu, kanisani na msikitini, na mitaro imezidi kuzibwa.

Jua barabara iliyo mbele yako ni ya nani

Usiende kuomba ruhusa kabla hujajua mwenye kuitoa. RN5 ni barabara ya taifa na imekabidhiwa Office des Routes, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1971. Barabara za ndani ya miji, kama Baraka iliyopandishwa kuwa mji, zina shirika lao, Office des Voiries et Drainage. Barabara za kilimo, zile zinazotoa mihogo na mahindi mashambani, ziko chini ya wizara ya maendeleo vijijini. Vinjia vya ndani ya kijiji na vya kati ya vijiji ni kazi ya sekta. Sekta ya Ngandja si jina la ramani tu: sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa sekta haki ya kuwa na bajeti yake, mali yake na madeni yake.

Shefu wa kijiji anakujua, anaijua mipaka yako, na neno lake lina uzito mkubwa wa ushahidi. Lakini hawezi kukupa ruhusa ya kukata ukingo wa RN5, hata ukimpelekea mbuzi wawili. Mpe heshima yake, mwombe awe shahidi, kisha nenda kwa wenye barabara.

Usijenge ndani ya hifadhi ya barabara

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Ulicho nacho wewe ni haki ya kuitumia, na hata haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa kilichotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Wengi wetu hatuna cheti hicho, tuna karatasi ya kuuziana yenye majina ya mashahidi. Karatasi hiyo haiwezi kukupa kipande cha barabara, kwa sababu aliyekuuzia hakuwa nacho.

Usipime kutoka ukingo wa leo. Ukingo wa leo umeliwa na mvua na majani. Hifadhi hupimwa kutoka katikati ya barabara kwenda kulia na kushoto, na kipimo chenyewe akitoe fundi wa Office des Routes, si shemeji yako mwenye kamba. Mwite kabla ya kumwaga msingi. Akishapima, piga vigingi, na chora mchoro mdogo wenye vipimo ambao yeye atautia sahihi.

Waliokaa kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa kwetu, wameyaona haya kwa macho. Huko Tanzania, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilitanuliwa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba zikapigwa alama ya X. X ya kijani ilimaanisha mwenye nyumba atalipwa fidia, X nyekundu ilimaanisha abomoe mwenyewe bila kupewa kitu. Watu walilia sana mbele ya X nyekundu. Machozi yale yalikuja baada ya saruji kukauka, na hayakurudisha hata tofali moja.

Kwetu pia mambo hayo yamekaribia kuliko tunavyofikiri. Mradi wa Pro-Routes, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, uliiweka njia yote ya Uvira hadi Kasomeno katika orodha yake. Miradi ya namna hiyo huhesabu nyumba, miti na mashamba yatakayoguswa, kisha hutangaza siku ya mwisho ya kuhesabu. Aliyejenga baada ya siku hiyo kwa kutegea fidia hapati fidia. Usiwe yeye, na usimshauri ndugu yako awe yeye.

Usizibe mtaro

Hapa nitakaa, maana hili ndilo kosa letu kubwa.

Mtu amenunua parseli. Mbele yake kuna mtaro wenye kina cha goti, kisha barabara. Anataka pikipiki iingie. Anachota udongo toroli mbili tatu, anaujaza mtaro kwa upana wa mlango, anaushindilia kwa miguu, basi. Kiangazi chote panapendeza. Inakuja mvua ya Novemba. Maji yanashuka mtaroni kutoka juu, yanafika kwenye ule udongo, yanasimama, yanapanda. Hayana pa kwenda isipokuwa barabarani. Yanaufuata mkwaruzo wa gurudumu la lori la Fuso, yanaupanua, yanachimba. Asubuhi kuna mfereji katikati ya njia, na chini kidogo, kwa jirani ambaye hakufanya kosa lolote, maji yamerudi pembeni na kubeba mahindi yake pamoja na udongo. Wiki ya pili lori linainama. Wiki ya tatu madereva wanatafuta njia ya pembeni, ndani ya bustani za watu. Bei ya chumvi inapanda Misisi, na mama anayepelekwa hospitali na uchungu wa kuzaa anashushwa kwenye pikipiki ili avuke matope kwa miguu.

Huo ni udongo wa toroli tatu. Aliyeumwaga hakuwa na nia mbaya, na barabara imekatika vilevile.

Weka njia ya maji chini ya mlango wako. Bomba la saruji ndilo bora. Lisiwe jembamba kuliko mtaro wenyewe, na sentimita 60 za upana wa ndani ndizo afadhali, kwa sababu bomba ambalo koleo haliingii litajaa mchanga na hakuna atakayelizibua. Likae chini kabisa, sawa na sakafu ya mtaro, na liwe na mteremko uleule wa mtaro. Bomba lililoinuliwa ni sawa na ukuta. Jenga mawe na saruji pande zote mbili za mdomo wake ili maji yasilizunguke yakala udongo wa juu. Mwisho, shindilia juu yake tabaka kwa tabaka, usimwage mara moja.

Kama huna pesa ya bomba, jenga daraja dogo la mbao ngumu juu ya mtaro ulio wazi. Mbao zitaoza, utazibadilisha, lakini maji yatapita na utaona kinachoendelea chini. Usitumie pipa la mafuta lililotobolewa pande mbili. Najua linapatikana, najua ni rahisi. Bati lake hula kutu, siku moja linabonyea chini ya gurudumu, na udongo wote wa juu unakuwa ndani ya mtaro. Unakuwa umeziba kwa gharama.

Na ukishaweka, ni lako kulisafisha. Kila baada ya mvua kubwa, toka na koleo. Usingoje kikundi cha salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, kije kuondoa uchafu wa mlango wako.

Usikate mlango mahali pa hatari

Mlango usiwe kwenye kona, wala juu ya kilima ambapo dereva hakuoni, wala karibu na daraja, wala mkabala na njia panda. Geti lifunguke kwenda ndani ya parseli, lisifunguke kuelekea barabarani. Lirudi nyuma kiasi cha gari kusimama mbele yake bila kuacha matako njiani. Kama parseli iko juu ya barabara, usiruhusu maji ya uwanja wako yateremkie mlangoni: chimba kijifereji cha kuyapeleka mtaroni kwa upole.

Majirani wawili wanaweza kutumia mlango mmoja. Wafanye hivyo. Kila mlango uliopungua ni tundu moja limepungua kwenye mtaro. Lakini waandikiane, maana ujirani wa leo si lazima uwe wa watoto wao.

Omba kwa barua, si kwa salamu

Barua yako iseme jina lako, kijiji, groupement, sekta, upande wa barabara, na alama inayojulikana, mti, kanisa au shule. Iseme upana wa mlango, utapitisha nini, pikipiki au lori, na maji utayapitisha wapi. Ambatanisha mchoro. Shefu wa kijiji atie sahihi kwamba anaijua parseli na haina ugomvi. Peleka nakala sektani. Nakala yako mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, na usiondoke mlangoni bila muhuri huo.

Usilipe bila risiti. Pesa ya mkono kwa mkono haikulindi: aliyeipokea akihamishwa kesho, anayekuja atakukuta huna chochote. Na usilipe ili usiambiwe ukweli. Fundi akisema mlango hapa haufai, amekuokoa.

Mahali palipopita vita, karatasi moja haitoshi. Piga picha kwa simu, mtumie mtoto aliyeko Baraka au Uvira, weka nakala kwa mchungaji au kwa imamu. Familia nyingi za Fizi zimekimbia zikaacha kila kitu, na waliporudi walikuta mtu mwingine ndani ya uzio anayesema njia ni yake.

Usimfungie jirani asiye na barabara

Parseli zikigawanywa kwa urithi, ya nyuma hubaki imezungukwa. Ndugu wa mbele anajenga ukuta, wa nyuma anatembea juu ya makaburi na bustani ili afike nyumbani. Sheria ya ardhi ina sehemu nzima kuhusu haki za kupita katika kiwanja cha mwingine, na mila zetu zilikuwa nazo kabla ya sheria. Wazee wakigawa shamba waache kinjia siku ileile, wakipime, wakipandie miti ya mpaka. Wakisahau, wa mbele aachie njia pale ambapo hasara ni ndogo, na wa nyuma afidie kilichoharibika. Usimwache mama yako mdogo aombe ruhusa ya kupita kila asubuhi kama mgeni.

Usifungue barabara mpya kwa ubavu

Vijana wakiwa na majembe na kiongozi akiwa na haraka, barabara ya kilimo huweza kupasuliwa kwa siku chache. Shamba la nani limekatwa? Mihogo ya nani imeng'olewa? Haya yaulizwe kabla.

Iteni kila mwenye shamba. Mke aitwe, si mume tu, maana mara nyingi yeye ndiye mlimaji. Watoto waliokua waitwe. Waliokimbia watafutwe kwa simu. Makaburi yasiguswe mpaka wazee wa ukoo wameketi. Anayetoa ardhi kwa hiari aandike kwamba ametoa, kipimo gani, tangu lini, na kwamba hakushurutishwa. Asiyetaka kutoa asiitwe adui wa maendeleo.

Serikali ikiihitaji ardhi ya huyo asiyetaka kutoa, kwa nguvu ya sheria, kuna njia: sheria ya tarehe 22 Februari 1977 kuhusu kuchukua mali kwa faida ya wote, na ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka 2006, inayodai fidia ya haki itangulie kulipwa. Mkikataa kuzifuata, barabara yenu itakuwa na kesi kabla haijawa na changarawe.

Usidhani barabara ni ya serikali kwa sababu gari limepita

Baada ya kuziba mitaro, huu ni ugonjwa wetu wa pili. Kanisa linafungua njia ya kwenda shuleni. Shirika la misaada linapanua njia ya kituo cha afya, linaweka kibao, linaondoka. Mnunuzi wa dhahabu anapasua njia ya kwenda shimoni. Miaka inapita, daraja linavunjika, watu wanapiga kelele: serikali iko wapi? Serikali haijawahi kupewa barabara hiyo. Haimo katika orodha yoyote, na barabara isiyomo katika orodha haiombewi pesa.

Pesa zipo kisheria. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya tarehe 7 Julai 2008, nao hulishwa na tozo ya mafuta na malipo ya kupita barabarani (péage). Tuna haki ya kuuliza kwa nini zinaifikia Fizi kwa shida, na tuulize kwa sauti. Lakini mwenye kuuliza awe na namba ya barabara mkononi.

Kwa hiyo makabidhiano yafanyike rasmi. Kwanza maliza kazi: upana uwe mmoja, mitaro iwe pande zote mbili, maji yawe na mahali pa kutokea, madaraja yawe yamekaguliwa. Usikabidhi nusu barabara ukitegemea serikali imalizie. Pili, ita idara ya ufundi inayohusika, chef wa sekta, shefu wa groupement na wa vijiji vyote vilivyoguswa, watembee njia nzima kwa miguu mpaka mwisho. Tatu, andikeni PV ya remise-reprise, yaani hati ya makabidhiano: jina la barabara, inaanzia wapi, inaishia wapi, urefu, upana, idadi ya madaraja, walioachia ardhi, nani anatengeneza kuanzia leo. Sahihi zote, mihuri yote. Nakala ziende sektani, kwa administrata wa teritori huko Fizi, idarani, na moja ibaki kijijini.

Kabla ya sahihi hizo, anayetengeneza ni ninyi. Undeni kamati ya barabara ya kijiji, mchague watu, mgawane vipande, muwalipe wanaofyeka na kuzibua kila mwezi. Salongo ya Jumamosi ni nzuri kwa kufyeka. Daraja haliwezi kutegemea salongo.

Barabara ikishapokelewa, acha kuitawala

Uliyetoa ardhi huna tena haki ya kuipunguza, kuipandia migomba, kuichimbia shimo la choo, wala kuifunga kwa sababu umekosana na mtu. Usiweke mti njiani udai pesa. Ibara ya 174 ya Katiba inasema kodi huwekwa kwa sheria tu. Kijana mwenye kamba na kopo hana sheria, hata kama ni kweli alijaza mashimo asubuhi ile. Kama amefanya kazi, kamati imlipe.

Kizuizi cha mvua ni jambo jingine, na kiheshimiwe. Barabara ya udongo iliyolowa ikipitiwa na lori zito inaharibika zaidi kwa saa moja kuliko kwa mwezi wa jua. Kizuizi kikishushwa, dereva angoje, hata kama nyanya zinaoza. Mwenye kukilinda asikiinue kwa noti. Anayekiinua kwa noti ameiuza barabara ya watu wote kwa bei ya soda.

Na usimwombe mwenye bunduki ruhusa ya njia. Awe amevaa sare au hakuvaa, bunduki haitoi hati. Atakayekupa mlango kwa bunduki leo ataufunga kwa bunduki, na jirani yako atakumbuka ulimwita nani.

Mengine, kwa ufupi

Usichimbe mchanga, changarawe wala dhahabu ubavuni mwa barabara. Usifyatue matofali ndani ya mtaro. Usioshee pikipiki kwenye mdomo wa bomba. Usitupe maganda na chupa za plastiki mtaroni, zitakutana na bomba la jirani. Usianike mihogo njiani kisha umtukane dereva. Usimwachie mtoto wa shule peke yake kazi ya koleo.

Mvua zinarudi Septemba. Kila aliyejaza udongo mtaroni mbele ya mlango wake auondoe kabla ya hapo, kwa mikono yake na kwa gharama yake, na shefu wa kijiji apite mlango kwa mlango kuhakikisha.